Kaka, Jua halilipuki bila sababu

Kaka,

Ya urithi nimeyaacha. Kinachonichoma hadi leo ni kauli yako harusini, kipaza sauti mkononi: "Mdogo wangu huyu kama Jua, hulipuka tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na aliyenifundisha kuelekeza darubini kwenye karatasi, tukachora madoa ya Jua, ni nani kama si wewe?

Ulijua fika. Jua ni plazima, yaani gesi ya moto mno yenye chaji za umeme, halizunguki kwa mwendo mmoja: ikweta yake humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, karibu na ncha ni zaidi ya 30. Uga wa sumaku ulionaswa humo hukokotwa, hunyongwa, husokoteka. Unapochomoza juu kwa nguvu huzuia joto la chini lisipande, ndipo tunaona doa. Kwa siku, hata wiki, nishati hujilimbikiza juu ya doa hilo katika mistari ya sumaku iliyopindwa, na anayetazama kwa mbali huona shwari.

Kisha mistari yenye mielekeo inayopingana husukumwa ikakaribiana, ikakatika na kuungana upya kwa namna nyingine. Kilicholimbikizwa kwa siku nyingi hugeuka joto, eksirei na chembe zinazokwenda mbio, kwa dakika tu. Mwanga wake hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo. Wingu la plazima, likirushwa upande wetu, kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu. La mwaka 1859, baada ya mlipuko aliouona mwanafalaki Mwingereza Carrington tarehe 1 Septemba, lilifika kabla ya saa 18 kutimia, likavuruga telegrafu.

Wewe hesabu yako ilianzia siku niliyopaza sauti. Miaka ya "subiri kidogo, mdogo wangu" hukuihesabu. Mimi mpole, kaka, waulize wote.

Nikushauri basi, ingawa mkubwa ni wewe: doa la kuliogopa ni lile ambalo sumaku zake zinazopingana zimebanana pamoja. Hilo hutazamwa kabla halijalipuka. Tena mlipuko mmoja haumalizi nishati yote. Doa hilohilo laweza kulipuka tena kesho yake.

Siku ile nilisema nusu tu. Usimtume shemeji tena. Njoo mwenyewe.