Kabla ya kupandisha ushuru wa mawe ya kaunta, tupime matimbo yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mawe ya kaunta za jikoni, kazi ambayo nimeifanya hapa Malindi kwa miaka mingi. Baadhi ya mafundi wenzangu wanataka serikali ipandishe ushuru wa mabamba ya granaiti na ya kwatsi ya kiwandani (mawe ya kwatsi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi) yanayoshushwa Mombasa kutoka Uchina na India, wakisema yanawanyima riziki wachimbaji wetu. Uchungu wao naujua, ila sijasikia yeyote akiuliza matimbo yetu yanaweza kutoa mabamba mangapi, ya ubora gani na kwa muda gani.

Mimi mwenyewe nimejaribu. Mteja mmoja mwenye nyumba ya wageni alikubali nimwekee jiwe la humu nchini, nami nikaagiza mabamba sita ya unene wa sentimita 2. Yalichelewa wiki tano. Yalipofika niliyasimamisha ukutani, nikayamwagia maji ili rangi ijitokeze: mawili yalikuwa ya kijivu, matatu yalielekea wekundu, na la sita lilikuwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, hata sinki lisingekaa sawa. Mchimbaji hakuwa mzembe. Alikuwa na msumeno mmoja, na umeme ukikatika kazi ililala. Ushuru juu ya jiwe la India usingebadili chochote katika mabamba yale.

Jiwe la Galana, lile bapa la huku kwetu pwani, tunalo, na limependezesha sakafu na kuta nyingi za pwani hii, lakini hupasuka kwa matabaka na hunywa mafuta, kwa hiyo si la kila jikoni.

Marekani, yenye viwanda vyake vya kwatsi, iliyatoza mabamba ya Uchina ushuru uliozidi asilimia 200 mwaka 2019, kisha ikayatoza pia ya India na Uturuki mwaka 2020. Hata hivyo shehena za nje hazikukoma, zilihamia kwa wauzaji wa nchi nyingine. Sisi nasi, katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna kiwango cha ushuru cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa za nje tangu Julai 2022, ambacho kinagusa hata bidhaa za kauri. Njia ya kutoza ipo tayari. Karakana yangu ya vijana watano hukata bamba la nje, hutoboa tundu la sinki, hulainisha ukingo na kulisimika. Bei ikipanda kabla ya jiwe la kwetu kupatikana, mteja atahamia kwenye vigae na vijana hao watarudi nyumbani.

Jiwe letu lina faida moja ambayo haisemwi. Kwatsi ya kiwandani mara nyingi huwa na zaidi ya asilimia 90 ya silika, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na Australia iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu vumbi lake liliharibu mapafu ya wakataji. Granaiti ina silika kidogo kuliko hiyo, ingawa nayo lazima ikatwe kwa maji.

Kwa hiyo naiomba serikali ihesabu uwezo wa kila timbo, na iwapunguzie wachimbaji kodi ya misumeno na mashine za kung'arishia kabla ya kugusa ushuru wa mabamba. Siku nitakapoletewa mabamba sita ya rangi moja ndani ya wiki mbili, nitayanunua mwaka mzima.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mawe, Malindi