Shukrani kwa Mama wa Somanga

Naomba salamu hizi zimfikie mama mmoja wa Somanga, wilayani Kilwa, ambaye mpaka leo sijui jina lake.

Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale Somanga. Mimi nilikuwa kwenye basi nikienda Masasi kumzika mama yangu mzazi. Magari yalisimama, maji ya chupa yakapanda bei, simu yangu ikaisha chaji. Mazishi hayakuweza kunisubiri.

Wewe mama ulikuwa unakaanga samaki kibandani. Uliponiona nalia uliepua karai motoni, ukanipa simu yako na kuniwekea vocha. Nikampigia kaka yangu, naye akaweka simu yake sauti ya juu pale kaburini. Nikamsikia padri, nikasikia kwaya, nikasikia udongo ukianguka juu ya jeneza. Ulinifunika kwa kanga yako yenye harufu ya samaki na moshi, ukakaa kimya hadi "Amina" ya mwisho, kisha ukasema, "Pole mwanangu, sote ni wa Mungu." Wewe Mwislamu, mimi Mwanglikana wa Masasi. Usiku ukanilaza na binti zako, na asubuhi ukakataa hela yangu.

Mama, nyumbani tunakuombea kila jioni, na wanangu wanakuita Bibi wa Somanga. Mungu akuzidishie. Korosho zikiuzwa msimu huu nakuja na watoto uwaone.