Tupime tope kabla ya kupanda mikoko

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu mikoko ya Mtwara na Lindi: tunahesabu miche tunayopanda, lakini hatuhesabu inayoishi, wala hatupimi maji na tope kabla ya kupanda. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za mikoa hii miwili hadi nilipostaafu, na sasa naishi Mikindani, karibu kabisa na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kwa hiyo mengi ya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita kilikuja kikundi kimoja na miche ya mkoko maelfu kadhaa. Wananchi waliitika vizuri sana: wanafunzi, wavuvi, na kina mama wanaookota chaza. Kwa siku moja tu miche yote ilichomekwa kwenye uwanda wa tope ulio mbele ya mililana, aina ya mikoko inayoota karibu zaidi na bahari, ule unaoonekana maji yanapokupwa sana. Mzee mmoja mvuvi alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, hapa maji yanakaa mno. Tangu nizaliwe sijaona mkoko ukiota hapa." Kabla kusi haijaisha miche ilikuwa imelala yote, na mingine imefunikwa na mchanga. Hakuna aliyerudi kuhesabu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba yule mzee alikuwa na jibu sahihi, na hakuna aliyemuuliza kabla kazi haijaanza.

Mkoko unavumilia maji ya chumvi, lakini hauishi ndani ya maji saa zote. Tope lake halina hewa. Bakteria waliomo humo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na ndiyo maana ukilikanyaga hutoa ile harufu ya yai viza. Mizizi inayokaa katika tope la namna hiyo lazima ivute hewa kutoka juu. Aina za mchu na mlilana huchomoza vijizizi kama vidole, na aina inayoitwa mkoko hasa husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu, yenye vitundu vya kupitishia hewa. Mche mdogo ukizamishwa kwa muda mrefu kila siku, unakosa pumzi. Kwa sababu hiyo mikoko kwa kawaida huota kuanzia usawa wa wastani wa bahari kwenda juu, hadi pale yanapofika maji ya bamvua, yaani yanapojaa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila aina ina ngazi yake: mlilana mbele, mkoko na msinzi nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu hata kwenye pembe za nchi kavu zenye chumvi kali. Kuchukua aina moja kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, kisha kuisambaza kila mahali, ni kupuuza mpango ambao hori limejiwekea lenyewe. Isitoshe, ule uwanda wa tope tulioudhani mtupu una wakazi wake. Ndipo ndege wa pwani wanapolisha na ndipo chaza wanapookotwa.

Si sisi peke yetu tuliokosea. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipokagua maeneo 23 ya upandaji huo, maeneo 9 hayakuwa na hata mche mmoja uliobaki hai. Ufilipino nako, licha ya fedha nyingi zilizomwagwa kwa miongo kadhaa, watafiti waliandika mwaka 2008 kwamba miche inayodumu kwa muda mrefu kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kubwa ilikuwa hii hii ya kwetu, yaani aina isiyofaa mahali pasipofaa. Mtaalamu wa Florida, Robin Lewis, alitumia maisha yake kufundisha kwamba swali la kwanza si tupande wapi, bali ni kwa nini mikoko haipo pale inapopaswa kuwepo. Kizuizi kikiondolewa na maji yakarudi kupita kama zamani, mara nyingi mbegu huja zenyewe na mawimbi, bila mtu kupanda hata mche mmoja.

Kwetu kizuizi hicho kinajulikana. Anayepita kando ya Mto Lukuledi unapoingia baharini karibu na mji wa Lindi, au akizunguka pwani ya Mtwara, ataona mashamba ya chumvi yaliyochongwa katika ardhi ya mikoko. Silaumu uzalishaji wa chumvi. Ni riziki ya watu wengi, na mashamba yanayofanya kazi yana wenyewe na vibali vyake. Nazungumzia yale yaliyoachwa. Matuta yake bado yamesimama, kwa hiyo maji ya bamvua hayaingii kwa mpangilio, na yanayofanikiwa kuingia hayatoki. Jua linayakausha, chumvi inabaki, na mwaka hadi mwaka tope linakuwa na chumvi inayozidi kwa mbali gramu 35 za kila lita ya maji ya bahari. Tope likikauka na kupasuka hewa inaingia, madini ya chuma na salfa yaliyolala humo yanageuka tindikali, na ndipo unapoona ile rangi ya kutu kwenye mifereji. Ukichomeka mche hapo unauhukumu kufa. Lakini naijua sehemu moja ambayo tuta lilibomolewa na maji lenyewe, na baada ya masika machache niliona mchu ukianza kuota kwenye kingo, kisha mkandaa. Hakuna mtu aliyeupanda. Fedha zilizonunua ile miche ya Mikindani zingeweza kulipa vibarua wa kufungua matuta kama hayo katika sehemu tatu au nne zilizochaguliwa kwa makini, kwa kufuata njia za zamani za maji, ambazo wazee bado wanazikumbuka.

Liko jambo la uchafuzi pia, na hili ni gumu zaidi kwa sababu halionekani kirahisi. Msitu wa mikoko unaweza kuwa wa kijani kibichi huku ukiwa mgonjwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliolinganisha mikoko inayopokea majitaka ya mijini nchini Kenya na Msumbiji na ile iliyo safi. Kaa walikuwa wengi zaidi kwenye majitaka, kwa kuwa chakula kiliongezeka, lakini konokono wakubwa wa tope tunaowaita tondo walipungua sana. Mtu anayetazama majani tu, au picha iliyopigwa kutoka angani, angesema msitu ule ni mzima. Mji wetu unakua, vyoo vya shimo vinaongezeka katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, na mvua kubwa inaposhuka kila kitu huishia kwenye hori. Kina mama wanaookota chaza wanaweza kuonyesha kwa kidole mahali tondo walipokuwa wengi na sasa hawapo. Ushahidi huo ni wa thamani, nao unastahili kuandikwa kwenye daftari na kupimwa kila mwaka.

Nitaje na salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, ingawa najua ni jambo nyeti katika mikoa inayoishi kwa korosho. Bila salfa ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ungemaliza maua, na sisemi wakulima waache kuipulizia. Hata hivyo ni jambo la kikemia lisilo na ubishi kwamba salfa ikianguka ardhini bakteria huigeuza kuwa tindikali, na watafiti walioifuatilia katika mashamba ya korosho ya kusini waliliona tatizo hilo kwenye udongo tangu miaka ya 1990. Maji ya bahari yana uwezo wa asili wa kuzima tindikali, kwa hiyo hofu yangu kubwa haiko kwenye mikoko. Iko kwenye ardhioevu za maji baridi, mabonde ya mpunga, na maziwa madogo kama Kitere na Rutamba, ambako wanakijiji huvua, hulima na kuchota maji. Kipimo cha tindikali kichukuliwe katika vijito vinavyoshuka kutoka mashambani kabla ya mvua za kwanza na mara baada yake, kwa miaka kadhaa mfululizo. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ina makao yake hapa hapa Mtwara.

Kwa upande wa sheria hatujapungukiwa sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa chini ya mkataba huo, kwa hiyo Mkoa wa Lindi una sehemu yake humo. Huku kwetu tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Tunachokosa ni takwimu za hori moja moja, zilizopimwa kwa njia ile ile mwaka baada ya mwaka, na zilizowekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma.

Tangu Kimbunga Hidaya kilipopita mwezi Mei 2024 na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, wilayani Kilwa, watu wengi ninaozungumza nao wanaitaja mikoko kama ngao, na mimi nakubaliana nao. Lakini ngao hiyo haijengwi kwa haraka. Watafiti waliokusanya taarifa za ardhioevu 621 zilizorejeshwa au kutengenezwa upya sehemu mbalimbali za dunia, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, waliona kwamba hata baada ya miongo mingi mimea na wanyama wake walibaki chini kwa takriban robo wakilinganishwa na ardhioevu ambazo hazikuharibiwa. Kwa maana hiyo ekari moja ya mikoko iliyosimama leo haiwezi kulipwa kwa ekari moja ya miche, na kibali cha kukata hakipaswi kutolewa kwa ahadi ya kupanda kwingine.

Ombi langu kwa halmashauri zetu na kwa Wakala wa Huduma za Misitu ni kwamba wasiruhusu zoezi lolote la kupanda mikoko kabla mwombaji hajaonyesha vipimo vya eneo husika: maji yanafika wapi wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa kidogo tu, tope lina chumvi kiasi gani, kaa na tondo ni wangapi katika kila mita ya mraba, na msitu mzima ulio jirani una hali gani ili uwe kigezo. Vipimo hivyo virudiwe baada ya mwaka mmoja, mitatu na mitano, kisha visomwe katika mkutano wa kijiji au wa mtaa kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Vifaa vikuu ni kipimachumvi kidogo cha mkononi na fito iliyochorwa sentimita, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuifanya kazi hii vizuri. Nasema hivyo kwa sababu nilianza na baadhi yao mwaka wa mwisho wa utumishi wangu. Fito tuliyoichomeka pembeni ya tuta lile lililobomoka bado imesimama, na daftari la vipimo ninalo. Ofisi yoyote itakayotaka kuanzia hapo nitaikabidhi bila masharti.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Mikindani, Mtwara