Tisheti ninazo nne, kijana hajalipwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni.

Ofisini kwetu kila mwaka kuna ile siku ya kurudisha kwa jamii. Imeili inaingia Alhamisi, Ijumaa tisheti zinagawiwa, Jumamosi asubuhi tunapanda miti huku mpiga picha anatuzunguka, na bosi jembe analishika dakika mbili tu picha ikishapigwa anaangalia wa kumpa. Mwaka huu aliyelipokea ni kijana anayetufagilia ofisi, yeye kaletwa na wakala ndo maana hata tisheti hakupewa, na miezi miwili alikuwa hajalipwa, kaniambia mwenyewe tukiwa tunamwagilia. Sasa hayo maneno ya "tunajali watu" pale mapokezi mi nitayaamini vipi?

Afu asiyejitokeza anaambiwa hana moyo wa kusaidia. Si kweli jamani, wengi wanajitolea kimyakimya huko nje ya kazi, ila hakuna aliyewahi kutuuliza sisi tunajali nini. Mambo yanapangwa juu, sisi tunaletewa saizi ya tisheti tuchague.

Ule mwongozo wa ISO 26000 wa mwaka 2010 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango), ambao ndo wa uwajibikaji wa kijamii, umeweka masuala ya kazi na wafanyakazi ndani kabisa, sambamba na mazingira na maendeleo ya jamii. (Na hautolewi cheti, kwa hiyo anayejitapa anacho muulizeni kakipata wapi.)

Na msidhani mfanyakazi akihoji basi anaichukia kampuni. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walisaini barua kupinga kampuni kulisaidia jeshi la Marekani kuchambua picha za droni kwa akili bandia, wakaikumbusha kaulimbiu yake yenyewe ya kutofanya uovu, na kampuni ikatangaza mkataba ule ukiisha hawauendelezi. Wale walikuwa wameyachukua maneno ya kampuni kwa uzito kuliko mabosi wenyewe!

Tena angalieni tageti. Meneja anapimwa kwa mauzo tu, bonasi yake iko hapo, halafu mnategemea akatae msambazaji wa bei rahisi anayemwaga taka hovyo? Hawezi, hata kama roho inamsuta. Hiyo ahadi ya kujali watu na mazingira iingie kwenye vipimo vya kazi yake, na kujitolea kuwe ndani ya saa za kazi, sio Jumamosi yangu.

Mwakani imeili ikija nitajibu kwa kuuliza kama yule kijana kalipwa.

Mimi mpanda miti wa kila mwaka