Weka taa kwenye sindano, si darini

Mhariri,

Mzazi anaporudisha sweta ya shule dukani kwa sababu nembo imedariziwa kwa uzi mweusi badala ya buluu iliyokoza, lawama humwangukia mwendesha mashine. Nawaomba wenye karakana za kudarizi, kuanzia River Road hadi Eastleigh na Kariobangi, waangalie taa kwanza kabla ya kumkata mtu mshahara. Mashine ya vichwa vinne au sita, yaani inayodarizi nguo nne au sita kwa pamoja, hununuliwa kwa pesa nyingi, mara nyingi za mkopo, kisha inaachwa chini ya tyubu mbili za darini. Mwanga huo hauwezi kumsaidia mtu kutunga uzi kwenye sindano nyembamba ya kudarizi, namba 75/11.

Sababu iko kwenye umbo la mashine yenyewe. Kichwa kimoja hubeba sindano 9, 12 au 15, pamoja na vivuta uzi na vifundo vya kukaza uzi, na vyote viko juu ya pale sindano inapoingia kitambaani. Mwanga wa darini unakutana na sanduku hilo la sindano kwanza. Mwendeshaji akiinama kutazama, kichwa chake kinaleta kivuli cha pili. Tena mwanga huchoka upesi kwa umbali: taa ndogo ukiiweka mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Ndiyo maana taa ya wati 2 au 3 iliyo sentimita 20 kutoka kwenye sindano huangaza kazi kuliko tyubu ya wati 36 iliyo mita mbili juu yake.

Kanuni za Ulaya za mwanga kazini, EN 12464-1, zinataka luksi (kipimo cha mwanga unaofika kwenye kazi) 750 mahali pa kushonea na luksi 1,000 pa kukagulia rangi. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mwanga wa kutosha na unaofaa. Ukitaka makadirio ya haraka, pakua programu ya kupima mwanga kwenye simu na uilaze simu pale kitambaa kinapokaa, uso juu, mashine ikiwa imezimwa. Kipimo cha simu si sahihi kabisa, lakini kitakuonyesha kama uko kwenye 150 au 700.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Umeme wetu ni wa hertz 50, kwa hiyo tyubu yenye choki ya zamani (kile kifaa kizito cha kudhibiti umeme wa tyubu) huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Balbu nyingi za LED za bei ya chini hufanya vivyo hivyo. Mashine ikienda mishono 750 kwa dakika, sindano hupanda na kushuka mara 12.5 kwa sekunde, yaani mimuliko minane kamili kwa kila mshono. Kila mmuliko unaikuta sindano palepale ilipokuwa kwenye mshono uliotangulia, na jicho linaweza kuona picha kadhaa za sindano zilizosimama badala ya sindano inayokwenda. Kwa mishono 600 hali ni hiyo hiyo, ila mimuliko ni kumi. Mkono unaokwenda kuondoa kipande cha uzi karibu na sindano inayoonekana imetulia ni mkono unaotafuta kuchomwa. Jaribio lake ni rahisi: punga kalamu haraka chini ya taa. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana badala ya ukungu mmoja, taa hiyo inamulika kwa kukatika. Kamera ya simu nayo mara nyingi huonyesha mistari myeusi inayopita.

Dawa yake ni utepe wa LED wa volti 12 unaoendeshwa na adapta nzuri ya DC, yaani umeme usiopanda na kushuka. Utepe wa LED 60 kwa mita, aina ya 5050 (LED za milimita 5 kwa 5), hula takriban wati 14.4 kwa mita, na hukatwa kila baada ya LED tatu, yaani kila sentimita 5, kwenye alama iliyochorwa. Kila kichwa kipewe vipande viwili vya sentimita 10, kimoja kushoto na kingine kulia. Kwa mashine ya vichwa sita hiyo ni sentimita 120, takriban wati 17. Adapta ya volti 12 na ampea 2, ambayo ni wati 24, inabeba mzigo huo bila kuchemka. Rola ya mita 5 itabaki na ya kutosha mashine nyingine tatu. Maduka ya Luthuli Avenue yanauza vitu hivi vyote. Muulize muuzaji kipimo cha CRI, kinachoonyesha taa inavyohifadhi rangi halisi, na ukipata 90 usichukue 70. Rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini, iwe kati ya 4,000 na 5,000. Ule mweupe unaoelekea buluu, wa 6,500 na wenye CRI ndogo, ndio unaofanya buluu iliyokoza, nyeusi na kijani cha chupa zifanane.

Vipande hivyo vibandikwe ndani ya reli ndogo ya alumini yenye kifuniko cheupe kama maziwa kinachotawanya mwanga. Alumini huondoa joto, na kifuniko huzuia vinukta vikali kung'aa kwenye bamba la sindano na kwenye uzi wa reyoni, ambao wenyewe hung'aa kama kioo. Kifuniko kiwe cha plastiki, kisiwe cha glasi, kwa sababu sindano ikivunjika kipande chake huruka. Nyaya ziwe za milimita mraba 0.75, na kila kichwa kichukue umeme kwa sambamba kutoka waya mkuu. Ukitumia waya mwembamba wa kengele, kichwa cha mwisho kitakuwa na mwanga hafifu kuliko cha kwanza. Viungo vilehemiwe na kufunikwa. Vile vibanio vya kubana utepe hulegea kwa mtikisiko wa mashine baada ya muda mfupi. Plagi iwekwe fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo.

Umeme usichukuliwe kwenye bodi ya mashine. Mafundi wengi hushawishika kwa sababu waya wa volti 24 uko pale karibu na kichwa. Chanzo hicho kimepimwa kwa ajili ya bodi, mota ndogo na vikata uzi, na waya wa taa ukigusana na chuma siku moja, bodi itakayoungua ni ghali kuliko taa za karakana nzima.

Mahali pa kufunga ndipo kazi nyingi huharibika. Sanduku la sindano huteleza kushoto na kulia kila rangi inapobadilika, kwa hiyo taa isifungwe juu yake hata kama kuna skrubu inayokaribisha. Ifungwe kwenye mkono wa mashine usiosogea, vipande viwili vikielekea ndani kwa nyuzi 45 hivi, ili kivuli cha upande mmoja kiondolewe na taa ya upande wa pili. Taa za shingo ya kupindika zenye sumaku hufaa kwa mashine ya kichwa kimoja, lakini vifuniko vingi vya mashine ni vya alumini au plastiki na sumaku haishiki. Hapo inabidi kukaza kibati cha chuma kwa skrubu iliyopo. Gundi ya utepe peke yake haidumu, maana mafuta ya mashine huitambaa; pangusa kwa spiriti kwanza, kisha kaza reli kwa skrubu au kibano.

Kabla ya kurudi kazini, badilisha rangi zote kuanzia sindano ya kwanza hadi ya mwisho ukitazama kama kuna waya unaovutwa au kugusa vivuta uzi. Halafu iamuru mashine ifuate mpaka wa mchoro bila kushona, kwa fremu kubwa kuliko zote ulizonazo, na urudie kwa fremu ya kofia, ambayo huinuka na kuzunguka. Ndipo uanze kwa mishono 500 kwa dakika, uongeze polepole.

Taa ikikaa vizuri utaona mambo yaliyokuwa yamefichika. Vinukta vyeupe vya uzi wa bobini, yaani uzi wa chini ya kitambaa, vikitokea juu ya nembo nyeusi, vitaonekana kwenye sweta ya kwanza, si ya arobaini. Utaona kichwa kimoja kinaendelea bila uzi wa bobini huku vingine vitano vikishona, jambo ambalo kitambuzi cha uzi hakilikamati kila mara. Sindano za DBxK5, aina inayotumika kwenye mashine hizi, zina mfereji mrefu upande wa mbele. Bila mwanga wa mbele fundi huikaza imegeuka kidogo, ndoana iliyo chini inakosa kitanzi cha uzi, mishono inarukwa na uzi unachanika. Kutunga uzi, kwa upande wake, kunataka mwanga wa nyuma: weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya sindano na tundu litaonekana wazi. Kwenye kitambaa cheusi, zima kipande kimoja uache mwanga wa upande mmoja, mishono itainuka machoni. Hivyo kila upande uwe na swichi yake.

Nembo igeuzwe pia chini ya taa hiyo hiyo. Kwenye mistari minene, uzi mweupe wa bobini uchukue theluthi moja katikati na uzi wa juu theluthi moja kila upande. Ukipungua au kuzidi, rekebisha mkazo kabla ya kuendelea.

Kila Jumamosi taa zipanguswe, mashine ikiwa imezimwa. Manyoya ya uzi yakichanganyika na mafuta hujenga utando wa kahawia juu ya kifuniko, nao huzidi polepole hata hakuna anayeutambua.

Wanaoingiza mashine hizi nchini wangetusaidia sana kama wangeziuza zikiwa na taa kwenye kila kichwa, na mkaguzi wa kazi anapoingia karakanani asitosheke na kuhesabu vizima-moto na milango ya dharura. Aweke kipima mwanga chini ya sindano.

Fundi wa mashine za kudarizi,
Nairobi