Dada yangu wa Bukavu

Dada yangu, jambo sana. Watoto wako aje, na goti la mama bado linamsumbua? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Nimenyamaza tangu Pasaka, staji ya shule, haya mazoezi ya kazi, imenibana, ila leo niko na shida na we tu njo unaweza kunisaidia.

Nilikuambia wanatutuma mitaani juu ya kolera. Jumamosi ya kwanza tulishuka Kyeshero, hapa Goma, wasichana wanne na mabluzi yetu meupe ya kazi, milango ikafungwa. Mama mmoja akasemea kwa dirisha, nguo hizo niliziona 2019 wakati wa Ebola, basi, akavuta pazia. Ningemjibu nini?

Mwalimu akatupeleka kwa nyumba kumi, yule muzee anayeongoza nyumba kumi za mtaa. Muzee alitusikiliza mpaka mwisho akasema, mngeanzia kwangu. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukamkuta ziwani ametutangulia na bidoni yake ya litre 20. Mabluzi tuliacha nyumbani. Tukamtilia klorini kwa sirenge, akangoja dakika 30, akakunywa kikombe kizima mbele ya wale wamama wanaosema maji inanuka dawa. Moja moja wakaanza kusogeza bidoni. Dada, machozi yalinilenga.

Tena yeye njo alijua nyumba yenye watu watatu wanaharisha, hata senta ya afya hawajafika. Katoto macho yameingia ndani, mama yake anakanyima maji eti tumbo likauke! Tukachanganya litre moja ya maji ya kuchemsha, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, tukakanywesha kidogo kidogo huku muzee anakimbia kutafuta pikipiki ya kuwapeleka. Hiyo SRO, maji ya sukari na chumvi ya mtu anayeharisha, tumeisoma miaka yote, lakini kupiga hodi kwa watu nani alitufundisha?

Sasa staji inaisha wiki ijayo na shule inasema imetosha, na mvua ya mwezi wa tisa ndiyo hiyo inakuja, muzee abaki peke yake na bidoni zile zote? Mi sikubali. Nataka tuombe hata siku moja kila mwezi, wanafunzi na nyumba kumi pamoja.

Ninyi na mashefu wa Kadutu mlianzaje kazi ya pamoja? Barua ya kuomba mliipeleka kwanza shuleni ao kwa shefu wa kartiye, wa mtaa? Klorini nani aliwapa? Na yule wetu wa Nyawera aliyekuwa anakataa, mwishowe aliweka sahihi? Unaweza kuipiga picha hiyo barua unitumie WhatsApp kabla ya Ijumaa?