Baba, shamba lisiuzwe kwanza

Assalaam alaykum warahmatullah,

Baba, mama, ami na nyote hapo nyumbani Wete, Pemba, sie huku Leicester, Uingereza, wazima alhamdulillah, baridi tu ndo inatutia adabu, watoto wanakusalimieni sana. Voisi zote za ami za kutaka shamba la mikarafuu liuzwe mdogo wangu aje kusoma huku nimezisikiliza, na ile karatasi ya wakala wa vyuo aloipiga picha nimeisoma mpaka yale maandishi madogo ya chini. Nimeona kwenye simu hatutofika, huyu anasema hili yule anasema lile, netiweki inakatika katikati ya neno, bora niandike, baba asomewe kwa utulivu na ambae hakufahamu arudie.

Mdogo wangu asome, tena asome khasa, hakuna alofurahi kama mie matokeo ya Fomu Siksi yalipotoka. Nnachokipinga ni hii digrii ya biashara ya Uingereza kwa pesa za mikarafuu. Karatasi imeandika paundi 15,000 kwa herufi kubwa, ami kaizidisha mara moja kaona shamba linatosha na chenji inabaki. Lakini ami, hio 15,000 ni ya mwaka mmoja! Digrii huku miaka mitatu, kwa hio ada peke yake ni 45,000, na wakala hapo hajadanganya, ndo bei za vyuo vya kawaida kwa mwanafunzi wa kutoka nje, vile vyenye majina vinapita 25,000 kwa mwaka.

Sasa yale ambayo hayamo kwenye karatasi. Kuomba viza ya mwanafunzi mwaka 2025 ilikuwa paundi 524. Pesa ya matibabu inayokatwa na serikali 776 kwa kila mwaka wa masomo na inalipwa yote mbele, kabla hata hajapanda ndege. Alafu wanataka waone benki pesa ya kula na kulala, kwa anaesoma nje ya London ni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani inapita elfu kumi, na zikae siku 28 mfululizo hazijaguswa. Mtu atasema hizo si za kulipa, za kuonesha tu, na najua wapo wanaokopa za kuonesha wakazirejesha, lakini kijana akishafika atakula nini? Chumba hakimsubiri. Jumlisheni ada, viza, matibabu, chumba, chakula na basi kwa miaka mitatu, hamtoki chini ya paundi 75,000, na paundi sasa hivi ni kama shilingi elfu tatu na mia tatu. Hio inakaribia milioni mia mbili na hamsini. Shamba la bondeni halifiki huko hata mkiuza na ng'ombe na ile nyumba ya bibi.

Ami kasema atafanya kazi. Sawa, ruhusa ipo ya masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, si zaidi, na kwa umri wake kima cha chini ni kama paundi kumi kwa saa. Ndo mia mbili kwa wiki, akiipata hio kazi, kwa sababu mjini hapa kila duka lina foleni ya wanafunzi. Mia mbili itamlisha na itachangia chumba. Ada haiigusi.

Lakini tuseme pesa zimepatikana, Mungu kafungua. Kamaliza, kavaa gauni, mama kapata picha yake ya kutundika ukumbini (mama najua wewe picha ndo unaitaka, na utaipata inshallah, iwe ya chuo cha Tunguu hapo Unguja au ya Dar, gauni ni lilelile jeusi). Baada ya hapo? Zamani kidogo aliemaliza alikuwa anaachiwa miaka miwili atafute kazi, lakini wanaoomba kuanzia Januari 2027 wanapewa miezi 18, na yeye ndo atakuwemo humo. Ndani ya miezi hio apate muajiri wa kumdhamini, na mshahara unaotakiwa kwa kawaida ni paundi 41,700 kwa mwaka, vijana wanaoanza wanapunguziwa kama 33,400. Mhitimu wa biashara wa chuo ambacho hata mie naeishi huku sikijui, aanze na mshahara huo na kampuni iingie gharama ya kumdhamini wakati wapo wa hapahapa wamejaa, mie sioni. Na ile njia ya kazi za kutunza wazee ambayo watu wengi wa kwetu waliipitia, imefungwa kwa wanaotoka nje tokea Julai 2025, msikubali mtu akuuzieni hio.

Kisha kuna kitu kimenikera zaidi ya pesa. Mtoto kasoma PCM. Fizikia, kemia, hesabati, kakesha nazo na tochi umeme ukikatika. Wakala kampa biashara! Kwa nini? Kwa sababu biashara inachukua kila mtu, darasa la watu mia nne halijai, na vyuo vinamlipa wakala kamisheni kwa kila anaemleta. Hajamuuliza kijana anataka nini.

Nikwambieni na ya hawa wa huku msije mkadhani wao wamestarehe. Binti yangu ni raia, na kwa raia ada ya mwaka wa masomo wa 2025/26 ilikuwa 9,535, na serikali inamkopesha, hailipi mpaka aanze kazi na mshahara upite 25,000, hapo wanakata asilimia tisa ya kile kinachozidi, na wanakata mpaka miaka 40. Arobaini baba! Na mkopo una riba ndani yake, sie Waislamu tunaliwa roho, serikali iliahidi mkopo usio na riba tokea 2013 na mpaka leo watoto wanasubiri. Wapo waliokopa kwa dharura, wapo waliokataa wakaacha kusoma, sihukumu mtu. Sasa binti yangu anatafuta ile njia nyengine, kampuni inakuajiri, unafanya kazi siku nne unasoma siku moja, ada inalipwa na muajiri, unatoka na digrii kamili na mshahara ulikuwa unakula. Kuipata ni shida kuliko kuingia chuo kikuu chenyewe, lakini anajaribu.

Na hapa hapa 2020 ile taasisi yao ya Institute for Fiscal Studies ilifanya hesabu ya wahitimu, ikakuta kama mmoja katika kila watano, kwa upande wa pesa, angekuwa afadhali asingekwenda chuo kikuu. Waliosoma udaktari na uchumi wamepata sana, wanaume waliosoma sanaa wengi hawakuona faida. Na hao ni raia wenye ada ya kiraia.

Kuna mtu wetu wa Mkoani yupo hapa mtaa wa pili, alipokuja alikuwa anabeba maboksi ghalani, jioni akaenda kusomea umeme, leveli mbili, kisha leveli tatu, kisha ule mtihani wa vitendo wa mwisho wanaouita AM2, akapata kadi yake ya fundi kamili. Chuo kikuu hakukikanyaga. Leo ana gari yake imeandikwa jina ubavuni na ukimtaka aje kukutizamia swichi unasubiri wiki mbili. Kazini kwangu hospitali kuna kaka wa nchi nyengine ana masta ya utawala wa biashara, tunasukuma vitanda pamoja. Mzuri sana, mstaarabu, lakini masta yake hakuna alomuuliza.

Ami alisema kwenye voisi kwamba vyeti na diploma ni vya waliofeli. Ami nisamehe, mie mtoto wako, lakini hapo nnakupinga. Karatasi ya masomo ni kama tiketi ya boti, iwe nzuri vipi, cha kuangalia ni kuwa pale langoni wanaikubali. Mie siku hizi mtu akinitajia kozi namuuliza, kuna kazi ambayo sheria inakukataza kuifanya bila ya hio karatasi? Na nje ya hapo unapoishi nani anaitambua? Na inaisha muda au haiishi? Bei naiuliza mwisho.

Tizameni baharia. Wazee wetu wangapi wamejenga nyumba kwa meli? Vile vyeti vya ubaharia vya STCW vinavyotolewa na chuo cha mabaharia Dar, DMI, ni mkataba wa dunia nzima, nahodha wa Mgiriki na wa Mfilipino wote wanavijua, na bila ya hivyo hupandi. Ila mafunzo ya usalama yanataka kurejewa kila miaka mitano, kwa hio ni gharama isiyokwisha. Kompyuta nayo hivyohivyo, mtihani wa CCNA wa mambo ya netiweki ni dola 300, cheti kinaishi miaka mitatu, kisha urudie. Lakini kwa dola 300 kijana alietulia na intaneti nzuri anaweza kujisomea mwenyewe nyumbani akafanya, na hoteli zote hizo za Nungwi na Paje zinahitaji mtu wa kushika netiweki, wanaajiri wa kutoka bara kwa sababu wetu hawana hio karatasi. Uhasibu wa ACCA ni mitihani 13, unaifanya huku unafanya kazi, na inajulikana nchi nyingi. Digrii ya jumla ya biashara mie sijui sheria inayoitaka, hilo ndo tatizo lake.

Uuguzi naujua kidogo kwa sababu nawaona kila siku. Muuguzi aliesoma kwetu na akasajiliwa kwetu anaweza kuomba mwenyewe kwa baraza la wauguzi la huku, anafanya mtihani wa kompyuta, wa Kiingereza, kisha wa vitendo, akipita ni muuguzi kamili. Ila Tanzania imo kwenye orodha ya WHO, shirika la afya duniani, ya nchi zenye upungufu wa watu wa afya, kwa hio wakala haruhusiwi kuja huko kuzoa wauguzi kuwaleta Uingereza. Akija mtu Chake anakusanya pesa za wauguzi wa Uingereza, mwambieni binti wa jirani akimbie.

Sasa yeye na PCM yake. Mie ningekuwa yeye ningetizama uhandisi wa umeme, UDSM au DIT, chuo cha teknolojia Dar, aombe mkopo bodi ya Zanzibar, ipo tokea 2011 na baba mwenyewe unawajua waliosomeshwa nayo. Akimaliza digrii kuna kama miaka mitatu ya kufanya kazi chini ya wahandisi kabla bodi ya wahandisi haijamsajili kikamilifu, asije akashtuka. Akiona Dar ni mbali aende KIST, chuo cha ufundi pale Mbweni Unguja, diploma, gharama ndogo, anaanza kushika waya mapema, digrii akaifuata baadae na huku ana kazi. Pemba yetu umeme unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka Tanga tokea 2010, na kila nyumba mpya inataka sola juu ya bati, kazi hio haitokwisha leo wala kesho. Akiwa roho yake ipo kwenye kompyuta kuna ile IIT Madras ilofunguliwa Bweleo 2023, chuo kikubwa cha Kihindi kimekuja wenyewe mlangoni. Ila ada nayo si mchezo, digrii yao ya sayansi ya data ilianza kwa dola 12,000 kwa mwaka, kwa hio kaulizeni kwanza kama SMZ, serikali yetu ya Zanzibar, inafadhili na kwa masharti gani. Bila ya ufadhili na hio pia ningesema hapana.

Na kama siku moja atataka kuja huku, aje na digrii yake ya kwanza mkononi, aje kwa skolashipu ya masta, mwaka mmoja tu, mtu mwengine analipa. Chuo chochote cha nje kabla hamjatoa senti angalieni kama TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, wanakitambua, maana kuna watu wamerudi na karatasi zimekataliwa na serikali.

Mie nilikuwa nimeweka paundi kidogo za kuja Idi. Sitokuja mwaka huu, nitazituma zikamuanzishe, ada ya maombi, usafiri wa Dar, chumba cha miezi ya mwanzo. Ami naomba umwambie yule mnunuzi asubiri, na kama mlishachukua arubuni mrudishieni kabla hajaanza kukata miti. Wakala msimpe pasipoti ya mtoto. Mama anitumie picha ya matokeo, iwe wazi, ile ya mwanzo kidole kimeziba gredi ya fizikia.

Na yeye mwenyewe anipigie Ijumaa baada ya sala, awe peke yake. Mpaka leo nimesikia anachotaka ami, anachotaka mama na anachotaka wakala.

Wasalaam,
Mwanenu, Leicester